Utitiri na adui wao katika kompyuta: kwa nini wote wanatoweka?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, nimeandika programu inayoiga utitiri wekundu, Tetranychus urticae, na adui wao Phytoseiulus persimilis, utitiri mwindaji anayewala, katika kitalu nyumba cha waridi. Nimetumia milinganyo ya Lotka na Volterra, inayoeleza jinsi idadi ya windo na ya mwindaji zinavyopanda na kushuka, na kuitatua kwa mbinu ya Euler, yaani kukadiria hatua kwa hatua, hatua moja ikiwa siku moja. Mawimbi ya idadi yao yanapanuka kila mzunguko hadi pande zote mbili zinatoweka. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza:
Kupanuka huko kunatokana na hesabu, kwa sababu milinganyo hiyo ikitatuliwa sawasawa hurudia mzunguko uleule bila kukua wala kufifia, ilhali mbinu ya Euler huusukuma nje kidogo kwa kila hatua. Tumia Runge-Kutta ya daraja la nne, mbinu ya kukadiria iliyo sahihi zaidi, au angalau punguza hatua iwe saa moja.

Jibu la pili:
Nakubaliana, lakini kutoweka kwenyewe si ajabu. Mwindaji huyo hutegemea utitiri wa aina hiyo kwa chakula, hivyo akiwamaliza hufa njaa. Mwaka 1958, huko California, mtafiti Huffaker alionyesha kwa utitiri wa aina nyingine, waliowekwa juu ya machungwa, kwamba pande zote mbili huangamia upesi windo linapofikika kwa urahisi, na hudumu zaidi pale vizuizi vya vaselini vinapomchelewesha mwindaji na vijiti vinapolisaidia windo kupeperuka. Kwa maoni yangu hili ndilo kubwa zaidi: upe kila mmea hesabu yake ya utitiri na wawindaji, kisha uweke kasi ya kuhama.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Nimepunguza hatua na mawimbi yametulia. Sasa naanza kugawa kitalu mmea kwa mmea.