Nina asubuhi moja tu kabla ya kurudi angani: Bagamoyo inawezekana kutokea Dar?

Binti wa Same:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhudumu wa ndege kwenye shirika la nje, mzaliwa wa Same. Mwezi ujao nimepangiwa safari ya Dar kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Siku zote hunipanga Ulaya na Asia. Tunatua saa 9 alasiri, tunalazwa hoteli Masaki, na kesho yake gari la kampuni linatuchukua hotelini saa 9 alasiri kwenda uwanjani.

Kazi hii imenitembeza. Lisbon nimepanda vilima vya Alfama kwa miguu, Istanbul nimeingia Hagia Sofia, Roma nimeshinda kwenye magofu. Kote huko huwa nina saa chache na nimezoea kuzitumia vizuri. Lakini Bagamoyo, niliyoisoma tangu shule ya msingi, misafara ya pembe, utumwa, Wajerumani, sijawahi kukanyaga, na jambo hilo linaniuma. Wenzangu wawili, Mfilipino na Mreno, wameniomba niwapeleke mahali penye historia ya kwetu. Nikawatajia Bagamoyo.

Naomba ushauri. Nikitoka alfajiri na kurudi saa 7 mchana ili nioge na kujinyoosha kidogo, muda unatosha? Nikodi gari au nipande basi? Nianze wapi, na nini nikiache? Sitaki kupita mbio mbio nikipiga picha. Bora nione vitu viwili nivielewe. Na mjue kwetu kuchelewa hakuna msamaha: kanuni inataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo tukikosekana watu watatu ndege inaweza isiondoke.

Natanguliza shukrani.

Dereva wa Tegeta:

Dada, inawezekana, ila saa ya kutoka ndiyo kila kitu. Kutoka Masaki ni kilomita sitini na ushee. Ondokeni saa 11 alfajiri, piteni barabara ya Mwai Kibaki, Kawe, mtokee Africana, hapo mnaingia barabara ya Bagamoyo. Asubuhi foleni inaelekea mjini, nyie mnaipa mgongo. Saa 12 na nusu mpo Bagamoyo bila kukimbizana.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Kati ya Tegeta na Mwenge mimi siwezi kukuapia dakika hata baada ya miaka yote niliyopita pale. Mkikuta Tegeta imesimama, dereva akunje Wazo, apite Madale atokee Goba. Na msimharakishe: Bunju, Mapinga, Kerege kote kuna vibao vya 50 na askari wa tochi. Ukisimamishwa, muda ulioupata kwa kukimbia umeshautapika palepale.

Basi kutoka Makumbusho lipo na ni rahisi, lakini linasubiri lijae na linashusha kila kituo. Mtu mwenye saa ya kuripoti akodi gari. Elewaneni bei kabla hamjapanda, mafuta na muda wa kusubiri vikiwa ndani, msije mkabishana mkiwa njiani.

Mstaafu wa Angani:

Mdogo wangu, hiyo kazi nimeifanya mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakuambia ambayo wengine hawatakuambia.

Wenzako wageni waingiapo nchini kama wafanyakazi wa ndege, wanaingia kwa utaratibu wa kikazi. Waulize ofisini kwenu mapema kama ruhusa yao inawafikisha nje ya Dar, msisubiri kuuliza mkiwa dirisha la uhamiaji. Watembee na kitambulisho cha kazi na nakala ya pasi. Msimamizi wenu wa ndegeni aachiwe namba ya gari, jina la dereva na saa mtakayorudi. Simu ziwe na chaji na vocha.

La pili ni matumbo. Marubani wawili hawapewi chakula cha aina moja, na sababu unaijua: kimoja kikiwa kibaya wasiugue wote. Nanyi watatu msishiriki sinia moja la pweza. Mkila, kila mmoja ale chake, kiwe kimetoka jikoni kikifuka moshi.

Binafsi nisingekwenda. Usiku mmoja wa kulala halafu safari ndefu, mwili hausamehe. Ningebaki mjini, ningekwenda Makumbusho ya Taifa kuona mabaki ya zamadamu Zinjanthropus aliyepatikana Olduvai mwaka 1959, nikapata upepo wa Kivukoni, nikarudi kulala.

Mtoto wa Dunda:

Mstaafu, shikamoo. Ya ruhusa na matumbo nakuunga mkono kabisa. Lakini huyu binti anasema linamuuma, nawe unampa Kivukoni? Mwache aje kwetu.

Dada, mimi nimezaliwa Bagamoyo na nimetembeza wageni wengi. Ombi langu ni moja: usianze na Boma la Wajerumani wala mahali pa kunyongea. Karibu kila mgeni hupelekwa huko kwanza, akaondoka akidhani mji huu ulizaliwa siku Mjerumani alipofika. Anza Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Simama ndani, utazame kibla. Watu walikuwa wakisali hapo mamia ya miaka kabla ya misafara ya pembe na kabla ya mzungu yeyote kuandika jina la Bagamoyo kwenye ramani.

Kisha nenda kwenye makaburi yenye nguzo. Sogea karibu, usiyatazamie njiani. Kwenye nguzo utaona vishimo vya mviringo, vyenye ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Nyingi zimeng'olewa, na baadhi ya vyombo vya namna hiyo vimewekwa kwenye makumbusho ndogo pale pale. Ukipitisha kidole pembeni ya kishimo, chokaa bado ina alama ya ukingo wa bakuli. Mimi hapo ndipo ninapowaacha wageni wangu wanyamaze, maana maelezo yangu hayawezi kuongeza kitu.

Kuna pia kaburi la Sharifa. Watu bado wanakuja kuomba dua na kuweka nadhiri. Mkiwakuta, kaeni pembeni, kamera ishushwe. Wewe chukua kanga begani, na wenzako wavae nguo za kufunika mabega na magoti.

Muda: Kaole inataka saa moja na nusu, usiibane. Milango ya sehemu za kulipia msiitegemee kabla ya saa 2 asubuhi, kwa hiyo mkifika saa 12 na nusu teremkeni kwanza ufukweni, soko la samaki.

Mwalimu wa Historia:

Nakubaliana na Mtoto wa Dunda juu ya Kaole, ila sikubali Misheni iachwe, naye naona hakuitaja kabisa. Hapo nitasema kidogo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Walinunua watumwa ili kuwakomboa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji cha watu walio huru. Nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876 ndiyo makumbusho siku hizi. Ukitaka kuelewa utumwa wa pwani hii, humo utajifunza zaidi kuliko kwenye ukuta wowote wa ngome.

Mnara wa kanisa la kwanza uko pale pale. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa humo usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wageni husimama hapo wakamwaza Livingstone. Mimi ningependa wenzako wawawaze watumishi wake Susi na Chuma na wenzao. Livingstone alifariki kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Watu wale wangeweza kumzika wakarudi kwao. Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani, wakauvingirisha kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Njiani walifariki baadhi yao. Alipozikwa Westminster mwezi Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo. Aliyefika mazishini kutoka kwenye msafara ule ni Jacob Wainwright. Wengine walioufikisha mwili Bagamoyo hawakupewa nafasi ya kumzika. Kila nikifundisha sehemu hii, darasa hukaa kimya.

Jambo moja la tahadhari. Pale Misheni kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Kuna watembezaji watakaokuambia watumwa walifungwa hapo. Kwa maelezo ya misheni yenyewe, mnyororo ule ni wa mama mmoja Mfaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alikuwa akimfungia punda wake. Mateso ya watumwa yana ushahidi wa kutosha, hatuhitaji kuyaongezea mnyororo wa punda.

Mama Ntilie Mstaarabu:

Ufukweni asubuhi msikose chai ya tangawizi na vitumbua, na mihogo ya kukaanga ikipatikana. Mashua zikiingia, mnada unaanza palepale mchangani. Simama nyuma kidogo, usizibe njia ya wachukuzi. Wanapita na vikapu vizito na hawana muda wa kukuambia samahani. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza. Wazee wapeni shikamoo, hata huyo Mfilipino mfundishe, ataona sura zinavyofunguka.

Binti wa Same:

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mstaafu, nitaandika barua pepe ofisini kesho kuhusu ruhusa za wenzangu, hilo sikuwa nalo kichwani.

Sasa nimebaki njia panda. Kaole au Misheni? Nikichukua vyote viwili, Mji Mkongwe unapotea. Na huyo Mreno anataka sana kuona pale mpelelezi Stanley alipofikia na Emin Pasha, yule gavana Mjerumani wa Equatoria aliyekwenda kumwokoa, amesoma habari zao.

Mtoto wa Dunda:

Chukua vyote viwili, Mji Mkongwe uupite kwa miguu mkitoka ufukweni, kabla jua halijachoma. Mtaa wa India unautembea bila haraka kwa nusu saa: milango ya kuchonga, baraza, nyumba nyingine paa limeshaanguka na mpapai umeota sebuleni. Mimi hunichoma kuona hivyo, lakini aone hivyo hivyo. Mreno wako mwonyeshe akiwa hapo: Emin Pasha alifika na Stanley mwezi Desemba 1889, wakamfanyia karamu, usiku huo akadondoka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Stanley akaendelea na safari, yeye akabaki kitandani Bagamoyo.

Muda ule ule, dada, uwaambie na la upande wetu. Watu wa pwani walikuwa wamepigana na Wajerumani tangu 1888 chini ya Abushiri, na mwezi huo huo wa Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Karamu ya Stanley ilifanyika vita hivyo vikiwa bado vibichi. Wakilijua hilo, wakipita penye mnara wa walionyongwa hapa mjini wataelewa wenyewe.

Mwalimu wa Historia:

Hapo umemaliza. Ningeongeza tu kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, ndipo wakahamia Dar. Hiyo ndiyo sababu mji ukapoa na nyumba zile zikabaki.

Dereva wa Tegeta:

Wakuu, historia tamu lakini ndege haisubiri. Mnaongeza tu vituo. Nipeni saa.

Mtoto wa Dunda:

Saa 12 na nusu ufukweni, chai na mnada. Saa 1 na nusu Mtaa wa India kwa miguu. Saa 2 na robo gari linaelekea Kaole, mpaka saa 4 kasorobo. Saa 4 Misheni, makumbusho na mnara. Saa 5 kamili mnaingia garini. Boma, Ngome Kongwe na Caravanserai, pale misafara ilipokuwa ikifikia, mnaviona kwa nje tu mkipita.

Dereva wa Tegeta:

Saa 5 kamili nakubali, saa 5 na nusu sikubali. Hata foleni ikiwa mbaya, saa 8 kasoro mko Masaki. Mkikwama Kaole, katisheni Misheni, msikatishe muda wa barabara.

Mstaafu wa Angani:

Kwa ratiba hii narudisha maneno yangu ya Kivukoni. Ila jioni mkitua lala saa 2 usiku, simu izimwe, usikae barazani hotelini na wenzako. Sare iwe imepigwa pasi na begi limefungwa kabla hujalala, ili ukirudi ni kuoga na kushuka.

Binti wa Same:

Nimeichukua ratiba kama ilivyo. Ufukweni, Mtaa wa India, Kaole, Misheni, garini saa 5. Mtoto wa Dunda, naweza kupata mtembezaji wa kuaminika asubuhi hiyo? Na malipo ya viingilio ni taslimu?

Mtoto wa Dunda:

Mtembezaji mwombe kitambulisho, na mkubaliane bei kabla hamjaanza kutembea. Msiajiri yule wa kwanza atakayewakimbilia gari likisimama. Viingilio mgeni na raia ni bei tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha taifa, usije ukalipishwa kama mgeni nchini kwako. Weka pesa kwenye simu na taslimu kidogo pia ya chai na ya kumshukuru mtembezaji. Ukishajua tarehe nitumie ujumbe wa faragha humu humu, nikutazamie maji yatajaa saa ngapi. Yakiwa yamekupwa asubuhi hiyo, mashua hukaa mbali, wachukuzi wanatembea na samaki mpaka nchi kavu, na hapo mtoke hotelini robo saa mapema.