Mjadala: Maktaba ya mitindo ya wavuti, tuchukue iliyopo au tuunde yetu?

Wakuu, naanza kwa kuchokoza. Timu nyingi zinazojiundia maktaba ya mitindo (msimbo ulio tayari wa kupanga rangi, nafasi na sura ya kurasa) zinakimbia ugomvi wa ndani. Bluu zimekuwa saba kwenye programu moja kwa sababu hakuna aliyeamua ipi itumike, na maktaba mpya haitawaamulia.

Tujikumbushe. Bootstrap, maktaba ya mitindo iliyo tayari, ilipotoka Twitter mwaka 2011, tovuti zikafanana kama sare za shule. Mwaka 2016 ikaja styled-components, tukaandika CSS, lugha ya mitindo ya kurasa, ndani ya JavaScript, lugha ya kuendesha programu za wavuti. Raha kweli, ila mitindo inatengenezwa programu ikiwa tayari inaendeshwa, na mwenye simu dhaifu ndiye anayesubiri. React, maktaba ya kujengea kurasa inayotumiwa na styled-components, ilipoleta komponenti za seva (vipande vya ukurasa vinavyoandaliwa kwenye seva), zisizo na kontekisti (njia ya kupitisha data kati ya vipande) ambayo styled-components iliitegemea, mambo yakakwama. Mwaka 2025 wasimamizi wa styled-components wakatangaza kwamba sasa ni matunzo tu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa maktaba yoyote: ikifa kesho, nabaki na nini? Zile zinazotoa faili ya CSS ya kawaida wakati wa kujenga programu, mfano Tailwind, vanilla-extract au StyleX, angalau zinakuachia kitu mkononi.

— Mkuu, Tailwind umeipendelea. Iondoe, kisha usome HTML (msimbo wa ukurasa) iliyobaki: kitufe kimoja, klasi ishirini, yaani majina ishirini ya mitindo. Kitu mkononi unacho, lakini nani atakielewa?

— Kwani maktaba ya nini? Vivinjari vimekua. @layer, amri ya CSS ya kupanga kanuni za mitindo kwa tabaka, ipo tangu 2022, na 2023 tukapata kanuni zinazofuata ukubwa wa kontena, pamoja na kupachika kanuni ndani ya kanuni. Hilo la mwisho ndilo lililowapeleka wengi kwenye Sass, lugha inayogeuzwa kuwa CSS.

— Sawa, kama mko wawili. Mkiwa arobaini, uhuru huo unazaa !important, alama ya kulazimisha mtindo mmoja uushinde mwingine, kila kona. Maktaba nzuri inakataa: TypeScript, JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data, ikigomea rangi isiyo kwenye orodha, ubishi umekwisha kabla msimbo haujafika kwa mkaguzi.

Huyu wa mwisho namkubali nusu. Orodha ya rangi, nafasi na ukubwa wa herufi iwe yenu, iandikwe kwa vigezo vya CSS vyenyewe (thamani zilizopewa majina), ili mkihama mhame nayo. Injini, yaani msimbo unaogeuza orodha hiyo kuwa mitindo, waachieni wenye muda nayo. Anayepinga atuambie: aliyeiandika injini yenu akiondoka, nani anaifungua?