MJADALA: Rejista ya vitanda vya wagonjwa wa akili itasaidia nini kama hospitali inaruhusiwa kumkataa mgonjwa?

Ndugu wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana wengi wetu tuna ndugu aliyewahi kuugua akili na tunajua familia inavyohangaika usiku hali inapochafuka.

Swali lenyewe: serikali ikizilazimisha hospitali zote, za umma na za binafsi, kutangaza kwenye mfumo mmoja vitanda vilivyo wazi kwa wagonjwa wa akili wa dharura, watalazwa haraka zaidi? Wanaounga mkono wanasema shida ni taarifa. Mimi naona taarifa ni sehemu ndogo tu. Shida kubwa ni kwamba hakuna anayewajibika kumpokea mgonjwa. Nachukua mfano wa jimbo la Virginia, Marekani, kwa sababu wenzetu hawa wana rejista hiyo tangu 2014.

Tarehe 18 Novemba 2013, Gus Deeds, kijana wa miaka 24, alishikiliwa kwa amri ya dharura ili apimwe akili. Aliyeiomba amri hiyo ni baba yake, Creigh Deeds, seneta wa jimbo. Aliyempima aliona anapaswa kulazwa. Sheria ya wakati ule ilitoa saa nne, na mbili za nyongeza, za kumtafutia kitanda, na kitanda kilitafutwa kwa simu: unapiga hospitali hii, unasubiri jibu, unatuma faksi, unapiga nyingine. Saa zikaisha, kijana akarudishwa nyumbani. Kesho yake asubuhi alimchoma baba yake visu, kisha akajiua. Baba alinusurika. Baadaye hospitali kadhaa za ukanda ule zilisema siku hiyo zilikuwa na nafasi.

Seneta alirudi bungeni na makovu usoni, akapigania sheria mpya. Mwaka 2014 muda wa kushikiliwa ukawa saa nane, rejista ya vitanda ikaanzishwa mtandaoni, na likawekwa sharti kwamba muda ukiisha bila kitanda kupatikana, hospitali ya serikali lazima impokee mgonjwa.

Sasa angalieni kilichofuata, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Sharti la kupokea liliziangukia hospitali za serikali. Za binafsi zilitakiwa kujaza rejista, lakini zilibaki na hiari ya kusema hapana. Na sababu za kusema hapana hazikosekani. Kitanda kiko wazi, lakini kwenye chumba cha wawili na aliyemo ni mwanamke, huyu ni mwanamume. Kitanda kipo, ila zamu ya usiku ina wauguzi wachache. Mgonjwa ana kisukari pia, au ametumia pombe, au amepiga mtu, au hana bima. Nyingine ni sababu za kweli kabisa, sibishi. Lakini rejista inaonyesha "nafasi 1" tu, na anayetafuta analazimika kupiga simu zilezile alizokuwa akipiga mwaka 2013. Isitoshe, mfumo ukijazwa mara moja kwa siku, taarifa ya asubuhi haimsaidii mtu saa tano usiku.

Matokeo yake wagonjwa wazito walimiminika hospitali za serikali. Julai 2021, tano kati ya nane za watu wazima zilisitisha kwa muda kupokea wagonjwa wapya, kwa sababu zilikuwa zimefurika na wafanyakazi hawatoshi. Rejista ilikuwepo wakati wote huo.

Jimbo hilohilo lilitutoa machozi na sisi wa Afrika Mashariki. Irvo Otieno, miaka 28, aliyezaliwa Kenya na kupelekwa Marekani akiwa mtoto, alizidiwa Machi 2023. Polisi walimpeleka hospitali kwa amri ya dharura. Kwa maelezo ya polisi aliwavamia maafisa pale, wakamtoa wakampeleka jela. Siku tatu baadaye, tarehe 6, alihamishiwa hospitali ya akili ya serikali, na humo ndani, kabla hajalazwa, akakandamizwa sakafuni na kundi la watu hadi akafa. Sisemi rejista ingemwokoa. Nasema mgonjwa anaweza kufikishwa hospitali na bado akaishia mikononi mwa askari wa magereza.

Najua kuna watakaosema ukizilazimisha hospitali za binafsi kupokea kila mtu, zitafunga wodi za akili na tutabaki na vitanda vichache zaidi. Hofu hiyo ina msingi. Marekani ilikuwa na wagonjwa wapatao 558,000 kwenye hospitali za akili za majimbo mwaka 1955. Kufikia 2016 vitanda havikufika 38,000. Wodi ikishafungwa, kuirudisha ni kazi kubwa. Ndiyo maana sipendekezi amri tupu. Napendekeza kila hospitali inayokataa mgonjwa wakati rejista inaonyesha nafasi iandike sababu na saa, humohumo kwenye mfumo, na mamlaka izipitie. Kama sababu ni upungufu wa wauguzi, serikali ilipie zamu ya ziada. Kama ni bima, hiyo isihesabiwe kuwa sababu wakati wa dharura.

Kwa Kenya na Tanzania, naona tungekosea kuanza na skrini. Familia ya Turkana au Kigoma haihitaji mtandao kuambiwa kwamba hospitali ya akili ya Mathari iko Nairobi na ya Mirembe iko Dodoma. Inachohitaji ni hospitali ya karibu yenye vitanda vichache vya dharura, dawa, na mtu wa zamu asiyemwita polisi kwanza. Hivyo vikiwepo, rejista itakuwa na cha kuhesabu.

Karibuni mnipinge. Ningependa hasa kuwasikia wauguzi wa wodi za akili na askari wanaowasindikiza wagonjwa hawa: sababu gani ya kumkataa mgonjwa mnaiona ni halali, na ipi mmeisikia mkajua wazi kwamba ni kisingizio?