Watu wa Tanga, ukiandika "nipo" basi uje! Nimechoshwa na grupu letu la michezo ya kuigiza mezani

Wakuu, leo nina hasira na sizifichi.

Tangu mwezi wa tatu natafuta watu wanne hapa Tanga mjini. Wanne tu! Sijaomba mfadhili wala sijaomba uwanja wa Mkwakwani. Nataka watu wanne wakae meza moja Jumamosi, saa nane mchana hadi magharibi, tucheze mchezo wa kuigiza wahusika, aina ile ya Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua: mmoja ni msimulizi, anaeleza mlipo na kinachowakabili. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha na uwezo wa mhusika wako, ukifikia namba ya msimulizi umefaulu. Ni kama hadithi za bibi, ila hapa wasikilizaji ndio wanaoamua sungura apite njia ipi.

Nikafungua grupu la WhatsApp, tukafika 23. Kila nikiuliza: "nipo mkuu", "nipo kaka", "mimi usinisahau". Jumamosi iliyopita walithibitisha sita. Wiki mbili nzima nimekesha natunga kisa cha msafara uliopotelea Mapango ya Amboni. Ramani nimechora kwa mkono, karatasi za wahusika nimeprinti, nimelipia chumba cha nyuma kwenye mgahawa mmoja wa Ngamiani shilingi 15,000, na mke wangu kakaanga bajia za watu saba.

Saa nane kimya. Saa tisa kimya. Saa tisa na nusu akatokea mmoja, kijana wa Makorora, kaja kwa miguu kwenye jua lile.

Wengine tiki za bluu naziona, jibu hakuna. Na kuna aliyeandika saa moja usiku, "vipi, mlicheza?" Ndugu yangu, tulicheza na nani?

Basi yule kijana tukacheza wawili. Mhusika wake nahodha wa jahazi kutoka Pangani. Kufika mdomoni mwa pango akagoma kuingia. Akavua viatu, akaanza kumwomba ruhusa mzimu wa pango kwa adabu, kama anayeongea na mzee wa mtaa. Mimi mzimu sikuuandika popote! Ikabidi niuzue palepale, niupe sauti, niupe kinyongo chake cha zamani, na tukaenda nao saa nzima. Hicho ndicho ninachokitafuta miezi yote hii, na ndicho mlichokikosa kwa uzembe wenu.

Halafu mwenye mgahawa akaingia, akaona dadu. "Kamari hapa sitaki." Nikamwambia mezani hakuna hata senti, angalia mwenyewe. Hakusikia, akatutoa. Na pale mbele kwake vijana wamejaa na mikeka yao ya kubeti wanaangalia mechi, anawauzia soda! Pesa yangu hakurudisha.

Mwenye kuepuka dadu kwa ajili ya dini yake namheshimu, na wala hazuiliki kucheza. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tia kwenye kopo, chomoa kimoja. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika Marekani, mchezo huuhuu uliuzwa na vikaratasi vya namba ndani ya boksi. Kwa hiyo hilo lisiwe kisingizio.

Wala msiniambie vitabu ni ghali. Kanuni za msingi zimeachiwa huru kwa kila mtu tangu Januari 2023, unazipakua bure, na faili nimeliweka kwenye grupu mara tatu. Dadu ninazo seti mbili, nazileta mimi. Wewe unatakiwa kuleta kalamu na mwili wako.

Na wale wa Dar mnaonijibu kila mara "njoo huku, watu wapo": nauli ya basi kwenda na kurudi kila wiki mtanilipia nyinyi? Mimi naishi Tanga, nataka kucheza Tanga.

Sasa sikilizeni. Jumamosi hii saa tisa, Bustani ya Jamhuri, upande wa kutazama bandari. Hapalipiwi na hakuna wa kutufukuza. Alasiri tutasimama wenye kuswali waswali, kisha tunaendelea. Neno "nipo" silipokei tena. Anayekuja aandike hapa chini jina la mhusika wake, kazi yake, na kitu kimoja anachokiogopa. Asiyeandika hadi Alhamisi usiku namtoa kwenye grupu, na asinifuate PM kulalamika.

Kijana wa Makorora keshaandika. Nahodha wake anaogopa maji ya pangoni, kwa sababu hayana upepo.