Tupeane uzoefu: filamu uliyoingoja kwa hamu ikakuangusha

Rhonda_Kwetu (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Jana nimetoka kazini, nikapitia duka la muvi karibu na steji, nikajaziwa filamu kwenye flashi. Trela yake nimeitazama tangu mwezi wa tatu, pengine mara ishirini. Nimepika mapema, watoto nimewalaza, nikazima taa. Saa mbili na dakika kumi baadaye nilikuwa bado nimekaa pale pale, majina ya waigizaji yanapanda, na mimi sina hasira wala furaha. Haikuwa mbaya. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa mbaya ningeizima nikalala. Hii ilinivuta mpaka mwisho halafu ikaniacha mikono mitupu.

Ombi langu: tupeane uzoefu. Filamu gani uliingoja ikakuangusha? Sema pia ulikuwa wapi na nani, maana mimi mahali nakumbuka kuliko hadithi yenyewe.

Kondele_Original (Kisumu)
Umenirudisha mbali. Kondele, 1997, ukumbi wa mabati nyuma ya kinyozi. Shilingi tano unaona picha mbili. Wiki nzima ubao wa nje uliandikwa kwa chaki kwamba Jumamosi kuna picha mpya. Nilimchotea maji mama mmoja wa hoteli siku tatu ili nipate hiyo tano. Tulijaa mpaka wengine wakakalia tairi. Picha ikaenda vizuri kabisa: steringi amefungwa kamba kwenye nguzo, petroli imemwagwa, jambazi amewasha kiberiti. Mara kioo kikapiga mistari, na mistari ilipoisha tukaona bibi harusi. Mtu alikuwa amerekodi harusi juu ya ile kaseti. Mwenye ukumbi akapeleka mbele, keki. Akapeleka mbele tena, wazee wanatoa hotuba. Watu wazima walisimama kudai pesa zao, naye akazima jenereta akatokea mlango wa nyuma. Mpaka leo sijui yule steringi alijinasua vipi.

Mama_Section58 (Nakuru)
Sisi juu ya kaseti kulikuwa na mechi ya mpira. Nakuelewa kabisa.

Msomaji_Milimani (Kisumu)
Kondele, pole, lakini hapo kilichoangusha ni kaseti. Mada ni filamu yenyewe kuwa ya kawaida wakati ulitarajia kubwa. Mimi yangu ni Out of Africa, ya 1985. Nilisikia tangu nikiwa shule ya msingi kwamba ilipigwa huku kwetu na kwamba ilibeba Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Niliipata nikiwa chuo. Mandhari ni mazuri, hakuna atakayebisha. Lakini nilikaa zaidi ya saa mbili na nusu nikingoja mtu wa hapa apewe nafasi ya kusema jambo lake, na karibu wote wako pale kubeba vitu na kupita nyuma ya wageni. Hata Farah, mtumishi mkuu kwenye hadithi hiyo, ambaye maishani alikuwa Msomali, aliigizwa na Malick Bowens wa Mali. Aliigiza vizuri, simlaumu. Ila nilizima nikahisi nimealikwa kwenye sherehe ya nyumbani kwetu nikaketishwa nje.

Kondele_Original
Nilikuwa na miaka 11, ndugu. Kwangu kaseti na filamu vilikuwa kitu kimoja. Usinipangie machungu yangu.

Msomaji_Milimani
Sijakupangia. Nimesema mada.

Mwenyeji_wa_Langas (Eldoret)
Naongeza The First Grader, ya 2010. Mzee Maruge tunamjua hapa, aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, Kapkenduiyo. Oliver Litondo alimwigiza mpaka nikasahau kuwa ni mwigizaji. Ila mwalimu wake, ambaye kwa kweli ni mama wa Kikenya, wakampa Naomie Harris kutoka Uingereza. Nililia mara mbili, sehemu zilizobaki nilikuwa nishajua kitakachofuata. Kwa mzee kama yule nilitaka zaidi.

Msafiri_Ahero
Yangu ni ya basi. Kutoka Nairobi kuja Kisumu, usiku, utingo akaweka filamu tulipopita Naivasha. Mtu amesingiziwa mauaji, anatoroka, anamtafuta aliyemsingizia. Basi zima kimya, hata watoto. Tumepanda Mau, tumeshuka Kericho, tumekaribia Ahero, jamaa sasa amesimama mbele ya mlango, amenyoosha mkono ashike komeo. Mzee mmoja wa mbele akasema kumekucha, wekeni muziki wa benga. Utingo akabadilisha. Hakuna aliyebisha kwa sababu alikuwa mzee.

Miaka 11 nilimaliza ile filamu kichwani mwangu. Kuna mwaka nyuma ya mlango kulikuwa na ndugu yake. Kuna mwaka kulikuwa na mke aliyedhaniwa amekufa. Nilipofiwa na dada yangu niliitunga upya, nyuma ya mlango hakukuwa na mtu. Mwaka jana nimeipata, nimepeleka moja kwa moja hadi pale mlangoni. Anafungua, anamkuta yule yule mkubwa wa polisi ambaye kila mtu alishamshuku, wanapigana, mmoja anaanguka dirishani. Mwisho. Nilihisi nimeibiwa kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho mkononi.

Rhonda_Kwetu
Msafiri, hiyo imenigusa. Usiitazame tena. Baki na zile zako.

Mama_Section58
Nitasema jambo na mkasirike. Nyingi ya filamu tulizozipenda zilikuwa za kawaida, na waliozikoleza ni ma-DJ wanaozitafsiri kwa sauti yao juu ya picha. Nilisikiliza moja iliyotafsiriwa na DJ Afro kwenye kibanda cha kaka yangu pale Kaptembwo, tukacheka, tukaogopa, tukamzomea jambazi kwa jina alilopewa na DJ. Baadaye nikamkalisha mume wangu tukaangalia ile ile kwa Kiingereza chake. Dakika thelathini mume amelala, na mimi nikaona kumbe hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi kama maji ya kunawa.

Msomaji_Milimani
Au DJ ndiye aliyekuharibia masikio. Mtu ameandika yale mazungumzo miezi mingi, mwingine anakuja kuyafunika kwa kelele. Kuna mahali ukimya ndio hadithi yenyewe.

Fundi_Kaptembwo (Nakuru)
Mzee wangu hakwenda shule. Bila DJ angekaa mbele ya ile televisheni kama mtu aliyeingia matanga ya watu asiowajua. Kwa DJ alijua nani amemkosea nani na kwa nini. Ukimya huo unaousifu ni wa mtu anayeelewa Kiingereza.

Msomaji_Milimani
Hapo umenishinda kidogo. Nitafikiria.

Wa_Nabuyole (Webuye)
Nimesoma yote na sikutaka kuandika, lakini Msomaji ametaja watu wanaopita nyuma ya wageni, nikashindwa kunyamaza. Filamu sitaitaja, na walioitengeneza sitawataja.

Mwaka wa 2016 walikuja kijijini kwetu, karibu na maporomoko ya Nabuyole. Walitaka barabara ya udongo, mwembe, na mzee. Kuka wetu, yaani babu, alikuwa amekaa nje anasuka kamba ya ng'ombe. Mkubwa wao alimtazama kwa muda, akamwambia asinyoe ndevu mpaka watakaporudi. Akampa maneno ya kusema, sentensi mbili. Steringi anarudi kumtafuta babake, anafika njia panda, anamuuliza mzee kama amemwona.

Kuka aliyafanyia mazoezi siku tisa. Alisema akikamua. Alisema akifunga ndama. Watoto wa boma letu wote waliyajua kwa kichwa, ukipita kisimani unayasikia. Kukhu, yaani bibi yetu, alilalamika kuhusu ndevu, kuka akamwambia hizi si zangu sasa, ni za kazi. Siku ya picha alisema mara sita, ya sita wote wakapiga makofi. Walimlipa shilingi 1,500 na soda. Hakuinywa ile soda siku hiyo, aliiweka kabatini.

Tulingoja miezi kumi na minne. Tukaambiwa inaonyeshwa Kisumu. Tulichanga, tukakodi matatu mbili, watu 28. Kuka alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya baba. Kukhu alibeba chapati na mahindi ya kuchemsha kana kwamba tunakwenda Mombasa. Ndani ya ukumbi kila dakika mtoto mmoja anauliza, mama ananong'ona: bado.

Ikafika ile barabara. Mwembe wetu. Tulishikana mikono. Steringi akatembea hatua tatu, nne, halafu picha ikaruka, tayari yuko sokoni. Hakuna njia panda. Hakuna mzee. Tulidhani watarudi nyuma baadaye, filamu nyingine hufanya hivyo. Hawakurudi. Tulisoma majina yote mpaka taa zikawashwa. Jina lake halikuwepo.

Na filamu yenyewe ilikuwa ya kawaida. Watu walipiga makofi ya adabu wakainuka. Hilo ndilo limenikaa kifuani. Ingekuwa filamu kubwa, ya kutikisa dunia, ningemwambia kuka walikutoa ili iwe kubwa hivi. Walimtoa, na bado ikabaki hivyo.

Kurudi, hakuna aliyesema neno kuanzia Kiboswa. Tulipofika Chavakali, kuka akasema, "Labda niliongea polepole mno." Basi. Alifariki 2019. Soda tuliikuta kabatini.

Mama_Section58
Mungu wangu. Nimeacha kupika.

Kondele_Original
Pole sana ndugu. Mimi na harusi yangu nimenyamaza.

Dunga_Asubuhi (Kisumu)
Nendeni kwa wakili. Mzee alifanya kazi, ilitakiwa aonekane.

Mwenyeji_wa_Langas
Wakili wa nini? Alilipwa siku ile. Kutoonekana si wizi. Familia ikianza kesi itapoteza hata ng'ombe waliobaki.

Dunga_Asubuhi
Elfu moja mia tano ndio malipo?

Mwenyeji_wa_Langas
Kwa sentensi mbili mwaka wa 2016, wengine walipewa soda peke yake. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Mbeba_Taa (Kakamega)
Nimefanya kazi ya kubeba taa na nyaya kwenye filamu kama nne hivi. Wa Nabuyole, nisikilize vizuri. Kuka wako hakukosea popote. Mtu akikosea anarudishiwa papo hapo, na akishindwa kabisa anabadilishwa siku ile ile. Wakipiga makofi wameridhika. Kinachotokea ni baadaye kwenye chumba cha kuunganisha picha. Filamu imekuwa ndefu, anayelipa anataka ipungue dakika kumi, na kinachokatwa kwanza ni kile ambacho steringi anaweza kuruka akafika bila mtazamaji kupotea. Njia panda huwa hazina bahati.

Sasa la maana: vipande visivyotumika huhifadhiwa kwenye diski, mara nyingi nakala mbili, lakini diski ni ghali na wengine huzifuta wazitumie kwa kazi nyingine. Usimtafute mkubwa wa filamu, ana mambo mengi. Mtafute aliyeunganisha picha. Mwambie tarehe mliyopiga, maana ule ubao unaogongwa mbele ya kamera una namba ya onyesho, na kwa tarehe ataipata. Akikuambia zimefutwa, mtafute mtu wa sauti. Sauti hurekodiwa kwa mashine yake peke yake. Unaweza kukosa sura ya mzee ukapata sauti yake.

Rhonda_Kwetu
Mbeba Taa, ubarikiwe. Sikujua mambo haya.

Msafiri_Ahero
Mimi nashauri kinyume. Asitafute. Mimi nilitafuta mlango wangu nikaupata, na mnajua kilichonikuta. Sura ya kuka akiyasema huku anafunga ndama inatosha.

Fundi_Kaptembwo
Si sawa, Msafiri. Wewe ulikuwa unatafuta hadithi ya mtu mwingine. Yeye anatafuta babu yake.

Msafiri_Ahero
Kweli. Naondoa ushauri wangu.

Kondele_Original
Mimi nasema tuchange, tukodi kamera, twende Webuye wote. Mwembe upo, barabara ipo, watoto wanayajua maneno. Naweza kubeba jenereta, na sitatoroka nayo.

Mama_Section58
Nitaleta chapati.

Msomaji_Milimani
Wa Nabuyole, kama haikuumizi, yalikuwa maneno gani?

Wa_Nabuyole
Asanteni nyote. Leo asubuhi nimempigia kijana mmoja wa hapa aliyekuwa akiwabebea vyuma vya kamera, ana namba ya mtu wa sauti. Haijapokelewa bado. Nitajaribu tena jioni, huenda yuko kazini.

Msomaji, maneno yalikuwa haya: "Baba yako alipita hapa jana jioni. Alikuwa amebeba kiti kimoja tu." Kuka aliwauliza kwa nini mtu asafiri na kiti, wakamwambia aseme tu. Alilifikiria sana jambo hilo. Alisema mtu akibeba kiti kimoja, amekubali kwamba hatakuwa na mgeni.

Kwenye filamu, mwishoni, steringi anamkuta babake ameketi katikati ya soko tupu, kwenye kiti. Mtu wa safu ya nyuma yetu akamuuliza mwenzake kwa sauti: kiti kimetoka wapi? Mwenzake akasema hajui. Kuka alikuwa amekaa mbele yao, alisikia, na alikuwa anajua.