"Wasio na uti wa mgongo": maana yake hasa ni nini?

Kiwavi: Wakuu, "wanyama wasio na uti wa mgongo" ni wale wasio na mifupa, au wenye mwili laini? Jongoo ana pingili kabisa, na dome (yule wa baharini wa jamii ya ngisi) ukimpasua unakuta kitu cheupe kigumu mgongoni. Nyoka je, mbona anajikunja kama kamba?

Gegedu: Mkuu, jina linasema jambo moja tu: mnyama hana safu ya pingili za mfupa au gegedu (kitu kigumu kinachopindika, kama cha sikioni) inayoizunguka neva kuu mgongoni. Ulaini haumo. Kaa ni mgumu lakini hana uti. Papa hana mfupa hata mmoja, ila ana pingili za gegedu, basi yumo kwenye wenye uti. Nyoka wengi wana pingili 200 hadi 400. Anajikunja kwa wingi wa viungo hivyo.

Mkasi mdogo: Neno "pingili" ndilo linalopotosha, maana muwa nao unazo. Ya jongoo ni pete ya ganda la nje, misuli imeshika kwa ndani, na neva kuu inapita tumboni, chini ya utumbo. Panzi naye ni hivyo hivyo. Chukua aliyekufa, mlaze kifudifudi kwenye nta, mfunike kwa maji ili viungo vielee visigandamane. Kata kandokando ya mgongo kutoka mkiani, ncha ya mkasi ukiielekeza juu. Ondoa utumbo taratibu: chini yake kuna uzi mweupe wenye mafundo. Ukianzia tumboni, uzi huo ndio utakaoukata kwanza.

Kiwavi: Shukrani sana. Na dome?

Gegedu: Kile ni ganda la chokaa lililobaki ndani ya mwili. Lina vyumba vidogo vya gesi na maji vinavyomsaidia kuelea. Halina pingili, wala neva haipiti ndani yake.

Mwani: Niongeze: jina hili linataja kinachokosekana, halitaji undugu. Mwanasayansi Lamarck wa Ufaransa alilitumia kwenye kitabu chake cha 1801, na kundi lenyewe ni zaidi ya 90% ya aina zote za wanyama zinazojulikana. Kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), pamoja na jina lake, kinasaba yuko karibu na binadamu kuliko na pweza.

Tena "uti wa mgongo" kwetu hutajwa kwa mifupa na kwa neva iliyomo. Homa ya uti wa mgongo hushambulia utando unaofunika ubongo na neva hiyo, haishambulii pingili.