Zulia la mama na fundi wa rangi, wiki mbili kabla ya Idi

Wa Malindi, anakaa Leeds

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nimeshuka Unguja Ijumaa, na mama keshaamua: sebule ipakwe kabla ya Idi. Nyumba za Malindi, mtaa wetu wa Mji Mkongwe, mnazijua, ukuta wa mawe na chokaa, ngazi nyembamba hata godoro halipiti mpaka likunjwe. Sebuleni kuna zulia la sufu alilokuja nalo marehemu baba kutoka Maskati. Ncha moja imekaliwa na kabati la msaji. Juzi watu wanne walijaribu kulinyanyua, wakaishia kukaa chini na kuomba maji. Kwa hivyo kulitoa zulia hakuna.

Nina woga wangu. Kule Leeds nilipaka chumba cha kupanga nikatandaza magazeti juu ya kapeti. Rola ikaniponyoka, rangi ikapenya, na nilipohama nikakatwa amana. Nipeni maarifa, fundi anakuja Jumatatu.

Wa Wete, anakaa Northampton

Wa alaykum salaam dada. Magazeti ndiyo yaliyokuponza, yakirowa yanachanika chini ya mguu. Wengine hukimbilia nailoni tupu, nayo ina hila zake: rangi haina pa kuingia, inakaa mbichi juu kama maziwa yaliyomwagika, ukiikanyaga unaibeba mpaka mlangoni. Halafu inateleza. Ukisimamisha ngazi juu yake, piga shahada kabisa.

Miye hutandika nailoni chini na shuka nzito ya pamba juu. Shuka inakunywa, nailoni inazuia. Kapeti za huku zimegandana na ukuta, basi ukingoni nabandika teipu ya karatasi na kuisukuma kwa kisu kipana cha kuskimia ukuta iingie chini ya ule ubao wa ukutani. Angalia vidole, pale chini pana vijiti vya misumari vinavyoshika kapeti.

Na hiyo amana uliidai? England tangu Aprili 2007 mwenye nyumba analazimika kuiweka kwenye mpango wa kuilinda, na mpango huo unasuluhisha ugomvi bila malipo. Na kapeti kuukuu, tuseme la miaka minane, hulipishwi bei ya jipya.

Ami wa Mkunazini, hapahapa Mjini

Mwanangu, umeuliza zulia, hujasema unapaka nini. Ukuta wa chokaa ukiupaka rangi ya plastiki unauziba pumzi. Unyevu unabaki ndani, masika yakiingia rangi inavimba na kubanduka kama magamba ya changu. Mwambie fundi apake chokaa.

Lakini ujue chokaa ina tabia zake. Ni nyepesi kama maji ya mchele, brashi inarusha vitone mpaka usipotazamia, tena ni kali, sufu haiupendi ukali huo. Rangi ya plastiki ikidondoka, iwahi mbichi: ikombe kwa kijiko, kisha kitambaa cha maji baridi, ukigonga toka pembeni kwenda kati, usisugue. Chokaa kinyume chake. Ukiimwagia maji unaitawanya tu. Komba ile nzito, iache ikauke, ipige brashi, ifyonze kwa mashine. Kinachobaki kiguse kwa siki iliyozimuliwa, umalizie kwa maji matupu. Na fundi akikutolea chupa ya thina, mkatalie. Kwa chokaa haifai kitu, na hizo kapeti za kiwandani inayeyusha gundi ya mgongoni.

Zulia lenyewe likunje toka mlangoni mpaka miguuni mwa kabati, lifunge nailoni kama maiti, Mungu anisamehe, juu yake weka jamvi kuukuu. Lifunge kabla hajaanza kukwangua ukuta. Vumbi la siku ya kwanza ndilo linalomaliza mazulia, si vitone.

Wa Malindi, anakaa Leeds

Ahsante sana ami, nawe kaka wa Wete. Amana niliiacha ipotee, sikujua kama naweza kuidai.

Kazi imekwisha Jumatano. Zulia la baba halikuguswa hata na tone. Tulichosahau ni busati dogo la ukumbini. Adhuhuri ilipoadhiniwa fundi akatoka na kandambili zake kwenda kuswali, akaacha nyayo tatu nyeupe za chokaa, kisigino na vidole, kama zimepigwa muhuri. Nikakimbilia ndoo ya maji, mama akanidaka mkono: "Ami yako kasema nini?" Tukakaa tunaitazama ikikauka, wallahi saa nzima, mimi nimeshika brashi. Ya kwanza na ya pili zimetoka. Ya tatu tukaitia siki mara mbili na bado ukichutama unaiona. Siku ya pili tulimwambia fundi kandambili zibaki ndani juu ya shuka, akawa anatoka pekupeku.

Mama kalizungusha busati, ule unyayo sasa uko chini ya kiti chake.